Kinywa Ulichokiruka

Mwanangu Yasinta,

Kukuuliza hali ni kujisumbua, maana nakusikia hapo uani ukibishana na mama yako kama debe la asali liingie sandukuni au lifungwe kando. U mzima kabisa. Mimi pia ni mzima, ila moyo hautulii, ndiyo maana nimejifungia chumbani mchana huu na karatasi hizi. Zigeuze uone: upande wa pili ni fomu za zamani za kuandikia mapigo na pumzi za wagonjwa. Walipoleta fomu mpya hospitalini hizi zilitaka kuchomwa, nikazibeba nyumbani. Mama yako alinicheka, akasema nitazifanyia nini. Leo zimepata kazi.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kutunza nauli wala kuchagua marafiki. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumatatu, na kwa sauti yake ile nadhani hata mkuu wa stesheni hapa Itigi anajua unasafiri na sweta ngapi. Mimi nina jambo moja tu. Nimejaribu mara tatu wiki hii kukuambia uso kwa uso, nikaishia kukuuliza kama umenunua kalamu.

Limeanzia Jumapili. Ulitoka na tochi na mpini wa kijiko, ukawapanga watu kwenye benchi, ukasema unajifunza kazi ya kulaza wagonjwa wa upasuaji kabla chuo hakijakufundisha. "Fungua kinywa. Toa ulimi. Usiseme aaa, nyamaza tu." Ukamkagua kaka yako, ukamkuta na jino bovu analotuficha. Ukamkagua jirani yetu mama Zuhura, ukamwambia koo lake linaonekana lote, hatamsumbua mtu. Mama yako ukamwinamisha shingo mbele na nyuma, ukatikisa kichwa kama daktari mkuu: "Wewe mama, siku ukilazwa, aliyeko zamu atatoka jasho." Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Halafu ukafika kwangu. Nilikuwa nimeshakaa sawa kwenye kigoda, nimeshavua kofia. Ukazima tochi, ukapiga goti kidogo, ukasema, "Shikamoo baba, wewe pumzika tu."

Ulikuwa umeshaniamkia asubuhi, Yasinta. Hiyo ya pili ilikuwa ya kunikimbia.

Niliitikia marahaba, nikacheka na wenzangu, nikavaa kofia yangu. Uliona aibu kumwambia baba yako afungue kinywa. Mtu mwingine angesema, huyo binti amelelewa vizuri, na kweli umelelewa vizuri. Lakini aibu hiyo naijua. Niliwahi kuingia nayo thieta ya upasuaji, na aliyelipia ni bibi yako wa Mungaa, mama mzazi wa mama yako.

Najua utasema hadithi ya bibi unaifahamu. Unaifahamu hivi: bibi alipasuliwa kule nilikokuwa nafanya kazi kabla hatujahamia huku, pumzi ikakata, baba akamrudisha, ukoo ukachinja mbuzi. Tena uliiandika kwenye barua yako ya kuomba chuo. "Nataka kusomea usingizi kwa sababu baba yangu alimrudisha bibi yangu kutoka mauti." Ulinipa niisome. Nikaisoma, nikakuwekea koma mahali palipokosa koma, nikakurudishia. Koma niliiona, mwanangu. Uongo nao niliuona, nikauacha upite, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kilipoanza kuwa kipya. Wewe ulikuwa hujaanza shule. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, na mkabala wake watu wamefungua maduka yao wenyewe, yana redio za kaseti na sabuni za rangi nne. Tuliokuwa tumepanga foleni ya sabuni ya mche tulitembea humo tukishika shika vitu kama watoto. Na hospitalini ikawa vivyo hivyo. Akaja daktari mgeni na masanduku mawili ya bati jeupe, akasema anaweza kutoa kifuko cha nyongo kwa matundu manne madogo, bila kumfungua mtu tumbo.

Bibi yako alikuwa na vijiwe kwenye nyongo. Akila chenye mafuta kidogo tu, anakunjwa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Upasuaji wa zamani ungemwacha na kovu refu na miezi bila jembe, na shamba la uwele halingoji mtu apone. Nikamwombea nafasi kwa daktari mgeni, nikaipata. Nilijiona mkwe wa maana sana.

Tatizo ni kwamba mtu wa usingizi pale nilikuwa mimi peke yangu.

Mambo ya ukwe wa kwao mama yako unayajua. Tangu nioe, mimi na bibi yako hatujawahi kula tukionana. Tukikutana njiani yeye anashukia majanini upande huu, mimi upande ule, njia inabaki haina mtu. Salamu zake hunifikia kupitia kwa mama yako au kwa mtoto. Siyo chuki. Ni heshima kubwa, na mimi naipenda. Lakini mtu wa usingizi ana maswali yake ambayo hayana heshima. Una jino linalocheza? Ukilala chini, chakula kinapanda? Umetia nini tumboni tangu jana? Halafu anasogea karibu, anasema fungua, anatazama mpaka ndani.

Jioni kabla ya upasuaji nilikwenda wodini nikasimama mlangoni. Bibi yako aliponiona alivuta kitenge mpaka usoni, akageukia ukutani. Nikamwita mhudumu wa wodi, Mama Chiku, nikamwambia, "Muulize kama ana jino linalocheza. Mwambie kuanzia saa nne asile, asinywe." Asubuhi nikasimama palepale tena. "Muulize kama ametia kitu mdomoni." Mama Chiku akauliza. Sauti ikatoka chini ya kitenge: "Mwambie sijatia kitu."

Alikuwa amekunywa uji. Dada yake alikuja alfajiri na chupa ya chai imejaa uji wa uwele wenye maziwa, kwa sababu kwao hakuna mtu wa kumwacha ndugu yake akapasuliwe akiwa na njaa. Bakuli kubwa, lote. Lakini mkwe amesimama mlangoni, anasikia. Mama gani wa Mungaa angemtangazia mkwe wake kwamba ametoka kula? Alisema uongo kwa sababu ya heshima, na mimi niliusababisha kwa kusimama pale. Ningeweza kumtuma Mama Chiku nikaenda zangu mbali. Ningeweza kumuuliza yule dada mtu. Au ningejiambia hivi: kwa kuwa siwezi kuuliza vizuri, basi nimhesabu kuwa ameshiba, nifanye kazi kama ya mtu aliyeshiba. Hilo la mwisho ndilo nakuomba ulibebe. Usipojua, hesabu kuwa ameshiba.

Kosa la pili lilifuata la kwanza. Kumlaza mtu si kazi kubwa. Hata hotuba inalaza. Kazi yetu ni kuilinda njia yake ya pumzi wakati yeye hawezi kuilinda. Daktari wa matundu anapuliza gesi tumboni ili ukuta wa tumbo uinuke na kamera ione. Gesi ile inasukuma kila kitu kwenda juu. Inabana mapafu kwa chini, inabana na mfuko wa chakula. Kwa hiyo unachagua. Kuna maski ya usoni unayoishika kwa mkono. Kuna mpira unaopita kooni mpaka ndani ya bomba la pumzi, una puto dogo linaloziba pembeni, kisipite kitu. Na mwaka ule mgeni alikuja na kitu ambacho sikuwahi kukishika: maski ndogo ya mpira inayokaa kule nyuma ya ulimi, juu ya mlango wa pumzi. Haiingii ndani. Mpira ni mlango uliotiwa komeo. Maski ile ni mlango uliorudishiwa tu.

Mpira nilikuwa nimeutia kwa mamia ya watu. Lakini kuutia mpira lazima uingize chuma chenye taa, uinue ulimi, uinamie, utazame mpaka chini kabisa. Nilimtazama bibi yako amelala pale, uso wake uko wazi, mara ya kwanza nauona hivyo mchana kweupe, na mkono ukakataa. Ile maski mpya unaitelezesha kwa kidole. Unaweza hata kutazama pembeni. Nikamwambia daktari mgeni, "Huyu ni mwembamba, hajala, maski ndogo itatosha."

Akaniuliza, "Una hakika?"

Nikasema, "Nina hakika."

Watu wote mle ndani walidhani nimechagua kwa utaalamu. Mimi nilichagua kwa haya, nikaivisha koti la utaalamu. Tena nilijisifia moyoni kwamba nimeshika kitu kipya.

Gesi iliingia. Tumbo likainuka. Kwa dakika chache mambo yalikuwa mazuri, kamera inaonyesha ini, daktari anafurahi. Mara nikaona kitu cheupe kinapanda kwenye mrija wa maski. Nilikitazama kama sikijui. Uji. Mashine ya kidoleni, inayopima hewa ndani ya damu, ikaanza kushuka sauti, na wewe utaijifunza sauti ile, inashuka ngazi moja moja. Nikapiga kelele, "Daktari, toa gesi! Toa yote!" Tukashusha kichwa cha kitanda, tukamgeuza ubavu, nikatoa maski, nikanyonya kwa mashine, nikanyonya tena. Kisha nikachukua kile chuma, nikaingiza, nikatazama. Aibu ilikuwa imekwenda wapi, sijui. Mpira ukaingia, nikanyonya mpaka ndani ya bomba la pumzi. Alikuwa wa bluu midomoni. Ilichukua muda mrefu kupita maombi yangu yote, kisha rangi ikarudi.

Kwa hiyo ni kweli nilimrudisha. Ila mimi ndiye niliyekuwa nimempeleka.

Vijiwe havikutolewa siku ile. Mapafu yaliwaka, akalala wodini wiki tatu, mama yako akilala chini ya kitanda chake. Kikohozi kile anachokohoa bibi kila vumbi la Agosti, ambacho wewe humchemshia maji ya tangawizi, kinatokana na mimi. Ukoo ukaleta mbuzi kunishukuru. Nyama nilikula. Ningekataa, wangeuliza kwa nini.

Na kuna jambo baya zaidi. Matroni alitaka kujua mgonjwa aliyeshiba alifikaje thieta. Ikaonekana aliyeuliza swali ni Mama Chiku, basi hakuuliza vizuri, akaondolewa wodini akapelekwa kufua mashuka. Mimi nilikuwepo kwenye kikao kile. Nilitazama vidole vyangu. Mwezi mzima nilipita mbele ya chumba cha kufulia nikimwona ameinamia karai, ndipo nikaenda kwa matroni nikasema ukweli: swali lilikuwa langu, maski ilikuwa yangu. Mama Chiku akarudishwa wodini. Salamu yangu alianza kuijibu baada ya Pasaka, na alikuwa na haki hiyo. Lakini ukweli ule niliuacha hospitalini, nyumbani sikuuleta.

Mwaka uliofuata daktari mgeni alirudi, na vijiwe vya bibi navyo vilikuwa vimerudi kumkunja. Nilijiapiza safari hii nitauliza mwenyewe. Nikaingia wodini, nikasogea mpaka karibu na kitanda.  Badala ya kuuliza, nikaanza kumtafuta Mama Chiku kwa macho.

Bibi yako akaketi. Akashusha kitenge mpaka mabegani, akanitazama usoni.

"Mkwe," akasema, "mwaka jana nilikunywa uji. Bakuli zima. Nikakuficha."

Nikasema, "Mama, mwaka jana mimi nilijificha mlangoni."

"Basi leo tusifichane. Aibu ilitaka kunizika." Akafungua kinywa. "Tazama."

Nikawasha tochi. Nikainama, nikatazama mpaka nyuma. Niliona lile pengo la chini la meno waliyong'olewa wasichana wa enzi zake, nikaona jino moja la juu linacheza, nikaliandika. Nikamwambia, "Fungua zaidi, mama." Akacheka huku kinywa kiko wazi, na mimi nikacheka, na Mama Chiku aliyekuwa anatandika kitanda cha pili akajifanya hasikii. Nikamuuliza yote. Akanijibu yote, hata yale ambayo sikuuliza.

Siku ya pili nilitia mpira. Nikasikiliza kifua kulia na kushoto. Gesi ilipoingia nikasikiliza tena, maana tumbo likiinuka mpira unaweza kuteremka ukahudumia pafu moja tu. Daktari akatoa kifuko na vijiwe vyake, ndivyo vile vilivyoko kwenye kichupa cha bibi ambavyo ulipokuwa mdogo ulitaka kuvipanda ukidhani ni mbegu. Siku ya tatu bibi yako alikuwa amekaa kitandani, na nilipopita mlangoni akavuta kitenge usoni, akageukia ukutani. Nikapita upande wangu. Heshima yetu iko vilevile mpaka leo, nafikiri hata imezidi.

Usinielewe vibaya juu ya ile maski ndogo. Siichukii. Miaka miwili baadaye iliniokolea mama mjamzito ambaye koo lake lilikataa mpira kabisa. Huko chuoni utakutana na walimu wanaoitumia hata kwenye matundu, kwa mgonjwa waliyemchagua vizuri, na wana sababu zao. Wasikilize, wanajua kuliko mimi wa fomu za zamani. Mimi nakuomba tu, siku unapochagua, jiulize ni nani anayechagua. Kama ni uvivu, au kupenda kipya, au kumwogopa daktari mwenye haraka, au haya kama yangu, weka chini ulichoshika uanze upya. Sisemi haya kama mtu aliyeshinda. Hata sasa, akija mzee wa heshima, ulimi wangu unakuwa mzito kwanza.

Juzi nilimwambia mama yako. Nilidhani atalia au atanifukuza. Akaendelea kupepeta mchele, akasema, "Nilijua. Mama alinieleza siku ile ile ya kuamka: uji, na wewe mlangoni. Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe." Miaka yote hiyo, Yasinta! Na nyama ya mbuzi aliipika yeye.

Sasa umebaki wewe. Uliandika kwamba unaifuata kazi hii kwa sababu ya baba yako shujaa, na shujaa huyo hayupo. Kama sababu imeanguka, una haki ya kuniambia, treni haijafika, na hii yetu huwa inampa mtu nafasi ya kufikiri. Sitakasirika. Lakini ningefurahi mno ukienda kwa sababu ya bibi yako. Yeye ndiye aliyekuwa jasiri wodini siku ile, mimi nilishika tochi tu.

Nakupenda, mwanangu. Sijui kwa nini neno hilo linaniwia gumu kuliko maswali ya meno. Nimekuwa nikilizungusha tangu ukiwa darasa la kwanza, nikikununulia madaftari badala ya kulisema.

Barua hii nitaiweka juu ya debe la asali, pamoja na tochi. Nimeitia betri mpya. Kesho ukiamka utanikuta kwenye kigoda kilekile, nimevua kofia. Niamkie mara moja, inatosha. Kisha niambie nifungue kinywa, utazame mpaka nyuma kabisa, usipepese. Halafu niulize kama nimekula. Nitakuambia sijala, na nitakuwa nimeshakula maandazi mawili ya mama yako.

Usinikubalie. Uliza tena.

Baba yako,
mwenye jino moja linalocheza, na sikuambii ni lipi.